Nilivyokwenda Seoul Kumwita Evans

Tangu tumzike Baba, kila mtu ananiuliza swali lile lile kwa sauti ya chini, kwenye maegesho ya kanisa au dukani tunakonunua unga wa ugali: ilikuwaje ukaenda hadi Korea ukarudi peke yako? Kila mmoja nimempa kipande, na vipande hivyo vimeshonwa vikawa shuka nisilolitambua. Kuna wanaosema Evans alinipiga. Kuna wanaosema ameoa huko na mkewe ndiye aliyemkataza. Nimeona niandike mara moja, nyinyi rafiki zangu msome, kisha mniache. Msitafute funzo humu. Mimi nimelitafuta, sijaliona.

Brooklyn Center hadi uwanja wa ndege

Baba alianguka kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Richfield, hapa hapa Minnesota, akimgeuza mzee mmoja kitandani. Kiharusi. Alilazwa siku chache bila kutamka neno, akafa. Hayo mnayajua. Msilolijua ni kilichosemwa sebuleni kwetu usiku uleule.

Evans, kaka yangu mkubwa, alikuwa Seoul anasomea uchoraji wa katuni. Aliacha masomo ya uuguzi muhula wa mwisho, Baba akiwa ameshawaambia watu wote kwamba mwanawe ni nesi. Siku anaondoka, Baba alisema mbele yetu sote, bila kupandisha sauti: "Ukitoka mlango huo, usirudi mpaka nikuite mwenyewe." Evans akatoka. Baadaye akafunga namba zetu zote, akabakisha yangu tu, na mimi nikawa namtumia vichekesho, si habari.

"Nitampigia simu sasa hivi," nilisema usiku ule.

"Simu haibebi msiba," alisema Auntie Kemunto, dada yake Baba. "Umesahau yule kijana wa Inver Grove Heights aliyeambiwa akiwa anaendesha?"

"Evans hana gari."

"Ana moyo."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Mnajua desturi yetu: mtu aliye mbali haambiwi. Huitwa kwa jambo dogo, akafika, akala, akaketishwa katikati ya watu, ndipo mchungaji akamwambia. Nimeihoji desturi hii tangu nikiwa mtoto. Inamlinda nani hasa? Anayeambiwa, au wanaoogopa kuambia?

"Kwa hiyo mnataka nimdanganye."

"Nani amesema udanganye? Mwambie Baba anaumwa, anamwita."

"Lakini hamwiti. Amekufa."

"Dun, wewe chuo kikuu kimekuharibu," Auntie alisema. "Maiti haimwiti mtoto wake?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa kwenye kochi, amejifunika blanketi hadi kidevuni, na hakusema lolote. Nikachukua ukimya wake kuwa amri. Watu wakaonywa wasiweke picha mtandaoni, na kundi jipya la wasapu likafunguliwa ambalo Evans hakuwemo.

Jirani yetu Papa Justin, Mkongomani wa Bukavu, ndiye aliyenipeleka uwanjani. Theluji ilikuwa inaanguka nzito, na alikuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili.

"Petit, usilie mbele yake, hein? Ukilia, mission imekwisha."

"Papa, wewe ungependa kufichwa?"

Alifikiri mpaka tukavuka daraja. "Mimi walinificha. Kwa kweli, nilikula vizuri siku ile. Mpaka leo, chakula kile sikipendi."

Nilikuwa nimepangiwa siku mbili Seoul. Theluji ikala moja. Ndege ilinyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu, ikasubiri, ikarudi, ikanyunyiziwa tena, tukashushwa, tukalala kwenye viti. Tuliporuka, ilikuwa imebaki siku moja tu kabla ya ndege ya kurudi, ile ambayo mimi na Evans tulipaswa kupanda pamoja.

Angani

Kando yangu aliketi mama mmoja mwenye sura ya Kikorea na lafudhi ya Minnesota tupu. Alichukuliwa na Wazungu wa hapa akiwa mchanga, wakamlea kama mtoto wao, na sasa alikuwa anakwenda kumtafuta mama aliyemzaa. Alinigawia zabibu kavu, akaniuliza naenda kufanya nini.

"Baba yangu amekufa," nikamwambia kwa Kiingereza. "Naenda kumchukua kaka yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo kwa mtu asiyejua, na yalitoka kana kwamba namtajia mtu namba ya basi. Nilishangaa. Kumbe msiba kwa lugha ya kazini hauna uzito.

"Pole sana. Kaka yako anaendeleaje?"

"Hajui."

Akakunja mdomo wa mfuko wake wa zabibu taratibu, akaurudisha mkobani, na kuanzia hapo akatazama dirishani, ingawa nje kulikuwa na weupe mtupu. Hakunisemesha tena. Nilitamani anigombeze. Kugombezwa kungenipa nafasi ya kujibu.

Incheon hadi chumbani kwa Evans

Nilitua Incheon, kwenye uwanja wa ndege wa Seoul, asubuhi mapema. Treni ya kuingia mjini ni safi na kimya kiasi kwamba unaona haya kufungua zipu. Nilipotea mara mbili ndani ya kituo kimoja, mzee akanishika mkono wa koti akanipeleka hadi mlango sahihi, akainama, akaondoka bila kuniuliza chochote.

Evans alinifungulia akiwa na soksi mguu mmoja. Amekonda, amefuga ndevu. Chumba chake ni kidogo kuliko bafu letu, na kuta zote zimejaa michoro.

"Dun? Wewe umetoka wapi? Nani amekufa?"

Aliuliza kwa mzaha, kama tunavyouliza sisi mgeni akitokea ghafla. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

"Baba anaumwa," nikasema. "Anakuita."

Mzaha ukamtoka usoni. "Ananiita? Yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Alisema nini? Niambie maneno yenyewe, Dun."

Auntie hakuwa amenipa maneno. Nilikuwa nimebeba sentensi moja, na hapo mlangoni niliona haitoshi. Basi mimi, niliyewahi kubishana na mchungaji kuhusu Nuhu na wanyama wake, nikatunga.

"Alisema, 'Mwiteni Evans. Nimechoka kumngoja.'"

Evans aliingia bafuni, akafungua maji. Yalitiririka muda mrefu. Alipotoka, uso ulikuwa umelowa, na alikuwa anacheka.

"Mzee kachoka kunisubiri! Mimi nilidhani atanishinda. Ndege ni saa ngapi?"

"Leo jioni."

"Basi tuna siku nzima. Umevuka dunia, huwezi kuondoka bila kuuona mji. Vaa viatu."

Akaanza kutupa nguo ndani ya begi huku akipiga mluzi. Nilijiambia: ameshakubali kuja, umemaliza kazi, sasa nyamaza tu hadi jioni. Inawezekanaje kunyamaza kuwe kazi ngumu hivi?

Jumba la wafalme

Gyeongbokgung ni jumba la zamani la wafalme, limekaa chini ya mlima katikati ya maghorofa. Ukivaa mavazi yao ya kale huingia bure, kwa hiyo mitaa ya jirani imejaa maduka ya kukodisha. Evans alinivuta ndani ya mojawapo. Mwenye duka alinipima kwa macho, akacheka kwa kufunika mdomo, akaleta joho jekundu la mfalme. Lilinifika magotini. Evans alipata la buluu lililomkaa kama alishonewa.

"Mtukufu Mfalme wa Brooklyn Center," akaniinamia mbele ya watu. "Ombi lako?"

"Nivue hii kitu."

"Ombi limekataliwa. Simama hapo, nikupige picha tumtumie Mzee. Atacheka mpaka alie."

Nilisimama. Nikatabasamu. Alitaka kuituma palepale, nikamwambia simu ya Baba imeharibika, aingoje aje amwonyeshe mwenyewe. Uongo wa pili, na ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Tulitembea kwenye nyua zenye changarawe. Paa za pale zimepinda juu kwenye pembe na zimepakwa kijani na chungwa, na Evans alinieleza kila kitu: kwamba jumba limechomwa na kubomolewa na wavamizi, kwamba karibu kila kilichosimama kimejengwa upya. "Lakini wanalitunza kana kwamba ni lile lile," alisema. Siku nyingine ningebishana. Ningeuliza: kama mbao ni mpya, hicho wanachokitunza ni nini? Siku ile nilikuwa natazama mgongo wake tu, joho la buluu likienda mbele yangu kwa furaha.

Alipoketi kwenye ngazi alisema, "Unajua nilijuta? Si kuja huku. Nilijuta kwamba sikugeuka pale mlangoni. Ningegeuka nikamtazama tu. Sasa nitamwambia."

Nikamwambia kuna baridi, twende tule.

Sokoni Gwangjang

Kama mngekuwa mmekwenda kwa heri, soko la Gwangjang ndilo ningewaambia msikose. Ni refu, limeezekwa, na katikati kuna safu za meza ambako kina mama wanapika mbele yako nawe umekaa kwenye benchi lenye joto chini, kwa umeme. Ndengu zinasagwa kwa mawe yanayozunguka na kukaangwa chapati nene kwenye mafuta mengi. Ukila na kitunguu cha siki unasahau jina lako. Mimi sikusahau, lakini niliona jinsi mtu angeweza.

Evans ana mama muuzaji wake pale, na yeye ni mteja wake wa kila wiki. Mama huyo alimpiga kofi la mgongoni badala ya salamu, akaanza kukata kitu cheusi kwa mkasi.

"Onja," Evans alisema. "Mutura iliyosafiri."

Kweli ilikuwa mutura, utumbo uliojazwa damu, ila na tambi ndani.

"Ya mbuzi?"

"Ya nguruwe."

Mnajua kanisa tulimolelewa: nguruwe ni mwiko. Nilisukuma sahani. Evans akacheka mpaka jirani akageuka. "Dun anayemhoji Mungu anaogopa nguruwe! Kula, bwana. Usimwambie Mzee tu."

Nilikula. Haikuwa na ladha yoyote.

Kisha Evans alisema maneno kadhaa ya Kikorea kwa yule mama. Mama akaacha mkasi, akapiga makofi, akamshika Evans mashavu kwa mikono yenye mafuta. Akatuongezea supu, akatuongezea chapati, akakataa tulipomwashiria kwamba hatukuagiza.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba baba yangu ameniita nyumbani."

Mama alifunga chapati mbili kwenye karatasi ya fedha, akazielekeza kwa kidole mbali, mashariki, ng'ambo ya bahari. Evans akatafsiri: "Za Baba. Anasema mgonjwa akipata harufu ya mafuta ndipo hamu ya kula hurudi."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Zilikuwa za moto. Nikaziweka ndani ya koti na nikazihisi pale, upande wa moyo, zikipoa.

Duka la mizizi

Mtaa wa pili kutoka sokoni wanauza dawa za miti shamba, na kubwa kuliko zote ni mzizi wa ginsengi, mwekundu, wenye umbo la mtu mdogo asiye na kichwa. Wakorea huwapelekea wazazi. Evans alitaka boksi zuri.

Muuzaji, bwana mwenye miwani shingoni, aliuliza maswali kama daktari, Evans akitafsiri.

"Anauliza Baba ana umri gani. Hiyo najua. Anauliza analala vizuri?"

"Analala," nikasema.

"Presha yake ikoje siku hizi? Anasema kama iko juu asitumie hii."

Nilifungua mdomo. Presha yake ikoje siku hizi. Niliutazama ule mzizi ndani ya kioo na sikupata wakati wowote wa kitenzi wa kujibia.

"Sijui," nikasema.

"Utakosaje kujua na mnaishi nyumba moja? Wacha niulize Mama. Leo nawafungulia wote."

Kabla sijamshika mkono alikuwa ameshapiga na kuweka sauti ya wazi. Sisi tulikuwa mchana. Minnesota ilikuwa usiku wa jana, watu hawajalala. Auntie Kemunto ndiye aliyepokea simu ya Mama.

"Evans! Evans mwanangu! Uko salama?"

"Niko salama, Auntie. Baba anatumia dawa gani za presha?"

"Baba... amelala kidogo, mwanangu. Wewe njoo tu. Njoo, tutaongea."

Lakini nyuma yake walikuwa wanaimba. Chumba kizima, kwa sauti nne, taratibu, wanaume wakiburuta besi chini. Mlikuwa mle ndani, wengine wenu, mliimba vizuri. Evans aliiweka simu karibu na sikio ingawa ilisikika duka zima.

"Auntie, hao ni kina nani?"

"Ni maombi. Tunamwombea mgonjwa."

"Na wimbo huo?"

Auntie aliyetupangia kila kitu, nani aseme nini, nani apike nini, alisahau kwamba tumelelewa na nyimbo hizo, na kwamba ule hatujawahi kuusikia kwa mgonjwa. Kwetu huwa unaimbwa matangani tu, watu wakiwa wameketi na wafiwa.

Evans alikata simu. Akamrudishia muuzaji boksi lake kwa mikono miwili, akainama. Akatoka nje, nami nikamfuata.

"Dun. Baba yupo?"

Maisha yangu yote nimedai watu wajibu swali lililoulizwa, si lingine.

"Hayupo."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia. Tukatembea mpaka kwenye kijito kinachopita katikati ya mji, maji masafi kati ya kuta za mawe. Watu walikuwa wameketi wakila aiskrimu katika baridi ile. Evans alisimama.

"Na aliniita?"

Hapa ndipo ningeweza kusema ndiyo. Nimelirudia jambo hili kila siku tangu nirudi. Angeniamini? Sidhani. Lakini angekuwa na neno la kushika ndani ya ndege, hata kama ni bovu. Mimi nilikuwa nimechoshwa na uongo wa asubuhi nzima, nikataka kujisafisha, na nikajisafisha kwake.

"Hakuweza kuongea, Evans. Kiharusi kilichukua sauti tangu mwanzo."

"Kwa hiyo 'nimechoka kumngoja'..."

"Ni maneno yangu."

Mtoto alipita akiruka mawe ya kuvukia.

"Aliniambia nisirudi mpaka aniite mwenyewe," alisema. "Hakuniita."

"Alikuwa hawezi."

"Ndiyo. Hakuniita."

"Mama anakuhitaji. Mazishi yanakusubiri wewe."

"Nilikuwa nakwenda kumwona mtu. Nilishapanga hata pa kuanzia." Akanigeukia, na sauti haikupanda, ilikuwa ya Baba kabisa. "Umeniacha nicheke siku nzima, Dun. Umeniacha nivae nguo za mfalme."

Kituoni, na njia ya kurudi

Alinisindikiza hadi kituo cha treni kwa sababu alijua ningepotea. Begi lake alilolifunga asubuhi aliliacha chumbani. Nilimsihi hadi nikaona aibu. Watu walitupisha kwa heshima. Nilimtaja Mungu, mimi ninayemhoji. Nilitaja desturi.

Treni ilipoingia aliniambia neno moja la kupeleka nyumbani: "Waambie wale chakula walichoniwekea."

Milango ikafungwa. Hakugeuka. Nilimwona mpaka ngazi ya umeme ilipomchukua.

Ndege ya kurudi ilijaa isipokuwa kiti kimoja, kando yangu. Mhudumu alifurahi kwa niaba yangu, akaniambia ninaweza kunyoosha miguu.

Brooklyn Center

Mlango ulifunguliwa kabla sijabisha. Walikuwa wamepanga viti, mchungaji amevaa suti, chakula kimefunikwa mezani. Auntie Kemunto alitazama nyuma yangu, kwenye theluji.

"Yuko wapi?"

"Amebaki."

"Ulimwambia!"

"Nyinyi ndio mliomwambia. Mlikuwa mnaimba."

"Ungemshika mpaka afike! Mtu akifika hawezi kurudi. Ndiyo maana ya desturi, Dun, wewe unayejua kila kitu. Angefika!"

Huenda ni kweli angefika. Huenda pia angefika akaingia mlango ule akitafuta uso mmoja, nasi tumempangia viti. Nimekaa na mizani hiyo wiki zote hizi na haielemei upande wowote. Kama desturi ilikuwa sahihi, mimi nilimpoteza. Kama ilikuwa makosa, tulimpoteza wote. Vyovyote vile, jeneza lilishushwa na nafasi ya mwana wa kwanza ikabaki wazi, na mchungaji akanipa mimi koleo.

Usiku ule niliorudi, watu walipotawanyika, nilimkuta Mama jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya sinki bila kuosha chochote. Swali lake ndilo lililokuwa neno la kwanza kwangu tangu Baba afe.

"Ndugu yako amesema nini?"

Niliyasikia maneno ya Evans wazi, kama milango ile ya treni. Waambie wale chakula walichoniwekea.

"Amesema anakupenda," nikasema. "Amesema moyo wake uko hapa, ni mwili tu uliokataa. Amesema atakuja, umwombee."

Haikunichukua hata pumzi moja kuyatunga. Mama aligeuka, akanitazama usoni kwa muda, kama anavyomtazama mtoto anayesoma mbele ya kanisa, akingoja kuona kama atakwama.

"Umesema vizuri," akasema, na akazima taa ya jikoni.